Chelezo cha kuvulia

Chelezo cha kuvulia (wingi: vyelezo vya kuvulia, huitwa pia boya dogo au kiboya) ni kifaa chepesi kinachofungwa kwenye mshipi wa ndoana ili kielee juu ya maji. Hushikilia chambo kwenye kina alichochagua mvuvi, hukibeba chambo pamoja na mkondo wa mto, na kwa kutikisika au kuzama humjulisha mvuvi kwamba samaki anadona. Makala hii inaeleza hasa namna ya kuchagua chelezo kwa samaki wa maji baridi yaendayo kasi: trauti, samoni na stilihedi. Mifano mingi inatoka Nyanda za Juu za Kusini nchini Tanzania, katika mikoa ya Mbeya na Iringa na mikoa iliyozaliwa nayo, yaani Njombe (2012) na Songwe (2016).

Jina

Neno chelezo linatokana na kitenzi kuelea. Pwani linatumika zaidi kwa boya la kuonyesha mahali pa nanga, mtego au jarife, na pengine kwa chombo cha magogo yaliyofungwa pamoja. Kwa wavuvi wa bara neno boya limezoeleka zaidi, hasa kwa vile vipande vinavyopangwa kwenye kamba ya juu ya wavu. Chelezo cha ndoana kinatofautiana na boya la wavu kwa jambo moja kubwa: boya la wavu likiwa na nguvu nyingi kuliko inavyohitajika halidhuru kitu, lakini chelezo cha ndoana chenye nguvu ya ziada humfukuza samaki.

Samaki wa maji baridi katika Nyanda za Juu za Kusini

Kusini mwa Sahara hakuna trauti wala samoni wa asili. Trauti wote waliopo waliletwa na watu. Nchini Kenya trauti kahawia (Salmo trutta) kutoka Uskoti walipandwa mwaka 1905 katika mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua. Katika Tanganyika walipandwa wakati wa utawala wa Waingereza, huko Kilimanjaro na katika vijito vya Nyanda za Juu za Kusini, ikiwemo Mufindi na miteremko ya Rungwe na Uporoto. Aliyestawi zaidi ni trauti wa upinde wa mvua (Oncorhynchus mykiss), anayetambulika kwa mstari wa rangi ya waridi ubavuni. Anahitaji maji yenye oksijeni nyingi na ubaridi. Maji yakipita nyuzi 20 za Selsiasi kwa muda mrefu hudhoofika. Ndiyo sababu hupatikana kwenye vijito vya juu na mabwawa ya mashamba ya chai, wala si kwenye Ruaha Mkuu au bwawa la Mtera, ambako ni nchi ya perege na kambale.

Stilihedi, ambaye jina lake kwa Kiingereza lina maana ya "kichwa cha feleji", si spishi nyingine. Ni trauti huyohuyo wa upinde wa mvua, ila ni wa jamii zinazoshuka baharini, zikakua huko, kisha zikarudi mtoni kutaga. Asili yake ni pwani za Pasifiki za Amerika ya Kaskazini na rasi ya Kamchatka. Hadi mwaka 1989 wataalamu walimweka katika jenasi Salmo. Tangu hapo anahesabiwa pamoja na samoni wa Pasifiki katika Oncorhynchus. Samoni wengi wa Pasifiki hufa wakishataga mara moja, lakini stilihedi anaweza kurudi baharini na kuja kutaga tena. Stilihedi wa kilo 3 hadi 5 ni wa kawaida, ilhali trauti wa kijito chembamba cha mlimani mara nyingi hafiki nusu kilo. Tofauti hiyo ya uzito ndiyo inayobadilisha ukubwa wa vifaa. Kanuni za kuchagua chelezo hazibadiliki.

Nyanda hizi zina samaki mmoja wa asili mwenye tabia inayokaribia ile ya stilihedi, naye ni mbasa (Opsaridium microlepis) wa Ziwa Nyasa. Waingereza walimwita "samoni wa ziwa" kwa sababu ni mwembamba, wa rangi ya fedha, na wakati wa mvua hupanda mito kutoka ziwani kwenda kutaga kwenye changarawe. Kwa ukoo hana uhusiano na samoni; yuko karibu zaidi na ningu na kuyu. Katika wilaya ya Kyela na jirani zake anajulikana vizuri sana, na habari zake zinarudi chini katika sehemu ya mazingira.

Uwezo wa kubeba

Swali la kwanza kuhusu chelezo chochote ni: kinabeba gramu ngapi? Jibu linapatikana kwa kanuni ya Archimedes inayofundishwa sekondari. Kitu kinachozama majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyaondoa, na sentimita moja ya ujazo ya maji ina gramu 1.

Tuchukue chelezo cha gome la kizibo chenye ujazo wa sentimita 10 za ujazo. Kizibo kina msongamano wa karibu 0.24, kwa hiyo chelezo chenyewe kina gramu 2.4. Kikizamishwa chote kinaondoa gramu 10 za maji. Nguvu inayobaki kubeba mzigo ni 10 kutoa 2.4, yaani gramu 7.6. Chelezo cha ukubwa uleule kilichochongwa kwa mbao ya balsa, yenye msongamano wa karibu 0.16, kinabeba gramu 8.4.

Chubwi nayo hupungua uzito ikiwa majini. Risasi ni nzito mara 11.3 kuliko maji, hivyo hupoteza sehemu moja tu kati ya 11.3 ya uzito wake. Ili kujaza ule uwezo wa gramu 7.6 inahitajika risasi ya gramu 8.3 hivi kwenye mizani. Chuma, kwa mfano nati ya baiskeli, hupoteza karibu asilimia 13. Jiwe la kawaida hupoteza zaidi ya theluthi moja. Kijiwe cha gramu 8.3 kinavuta chini kwa nguvu ya gramu 5 tu. Hii inaeleza kwa nini mvulana anayefunga kijiwe badala ya risasi huona chelezo chake kimelala ubavu, ingawa mizani ya dukani inasema uzito ni uleule.

Chelezo kilichopakiwa vizuri huzama hadi ibaki ncha tu. Nguvu yoyote ambayo haijajazwa na chubwi itabidi ijazwe na samaki anapovuta. Kama chelezo kinachobeba gramu 7.6 kimepakiwa gramu 4, samaki atalazimika kuvuta kwa nguvu ya gramu 3.6 kabla ncha haijapotea. Perege mwenye njaa pengine atavumilia. Trauti, anayeonja chambo na kukitema upesi akihisi kizuizi, hatavumilia. Katika maji yaliyotulia hupakiwa karibu uwezo wote. Katika maji yenye msukosuko huachwa akiba ya asilimia 10 hadi 15, vinginevyo kila wimbi dogo litakizamisha chelezo na mvuvi atakuwa anavuta ndoana tupu mchana kutwa.

Unene wa ncha ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Ncha ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 3 ikizamishwa sentimita 2 inahitaji nguvu ya gramu 0.14. Ncha yenye kipenyo cha milimita 10, kwa sentimita hizohizo 2, inahitaji gramu 1.57, yaani mara kumi na moja. Ncha nene huonekana vizuri kwa mbali na haizamishwi na mapovu. Ncha nyembamba husema ukweli zaidi. Mtu anayevua hatua tano kutoka ukingoni hana sababu ya kutumia ncha nene.

Umbo na mkondo

Umbo huchaguliwa kwa kuangalia maji kabla ya kuangalia samaki. Chelezo chembamba kirefu kama kalamu hufaa bwawa na maji yanayotuama. Hufungwa kwa ncha ya chini tu, ili mshipi uzame chini ya uso wa maji na upepo usiuburute. Kwenye mabwawa ya Mufindi, ambako upepo wa mchana huvuka maji bila kizuizi, ufungaji huu ndio wenye manufaa.

Mtoni ni kinyume. Chelezo hufungwa juu na chini, kwa vipande vidogo vya mpira, ili mvuvi aweze kukizuia kidogo bila kukilaza. Mwili wake uwe mnene upande wa juu na uchongoke kuelekea chini, kama tone la maji lililogeuzwa au kama karoti. Unene ukiwa juu, chelezo hubaki wima mvuvi anapokizuia, na maji yanayosukuma kutoka nyuma hayakiinui. Mviringo kama mpira, umbo linalouzwa kwa wingi likiwa na nusu nyekundu na nusu nyeupe, ndilo baya kuliko yote kwa mto wa kasi. Linabingirika, linafanya mawimbi, na kwa kuwa halina ncha linahitaji nguvu kubwa ili lizame. Limeenea kwa sababu ni rahisi kulifunga, wala si kwa ubora wake.

Jambo la pili la mto ni kwamba maji ya juu huenda kasi kuliko maji ya chini, kwa kuwa yale ya chini hukwaruzana na mawe. Chelezo kikiachwa huru hukimbia na maji ya juu na kukiburuta chambo kwa kasi ambayo hakuna mdudu wala yai la samaki linalosafiri nayo. Trauti anayekaa nyuma ya jiwe akisubiri chakula kiletwe na maji huona mara moja kwamba hicho si chakula. Dawa yake ni kukizuia chelezo kidogo, ili chambo kitangulie na chelezo kifuate nyuma. Wavuvi wa stilihedi wa Kanada na Marekani hutumia kwa kazi hii rili isiyo na gia, inayozunguka huru kwa msukumo wa mkondo na kuzuiwa kwa kidole gumba. Mwenye ufito wa mianzi na mshipi uliofungwa moja kwa moja kwenye ncha hufanya vilevile kwa kuutembeza ufito polepole kuliko maji.

Kwa kukadiria, kijito cha goti chenye mwendo wa taratibu kinatosheka na chelezo cha gramu 1 hadi 3. Vilindi vya kasi chini ya maporomoko madogo, kama vilivyo vingi katika bonde la Kiwira, vinataka gramu 4 hadi 8. Mito mipana ya stilihedi na samoni huvuliwa kwa gramu 8 hadi 15, na zaidi ya hapo kwenye mafuriko. Kanuni yenyewe ni fupi: chagua chelezo kidogo kuliko vyote ambacho bado kinakipeleka chambo karibu na sakafu ya mto na bado unakiona. Kikiwa kidogo mno, chubwi haitoshi na chambo kinaogelea katikati ya maji. Kikiwa kikubwa mno, kishindo chake cha kuangukia majini kinatosha kukiamsha kilindi kizima.

Kina

Trauti wa mtoni hula karibu na sakafu, hasa katika miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti, wakati maji ni machache na maangavu. Chambo huwekwa kipite sentimita 15 hadi 30 juu ya mawe. Kina hupimwa kwa kuning'iniza chubwi nzito kwenye ndoana: chelezo kikizama chote, mshipi ni mfupi, kikilala, ni mrefu.

Kina cha maji kisipozidi urefu wa ufito, chelezo cha kufungwa imara kinatosha. Maji yakizidi hapo haiwezekani kurusha, na hutumika chelezo kinachoteleza. Mshipi hupita ndani yake kwa uhuru, na kifundo kidogo cha uzi kilichofungwa juu huzuia kisipite kina kilichopangwa. Kifundo hicho hupita kwenye pete za ufito wakati wa kuviringisha, ndiyo maana chelezo kinaweza kurushwa hata mahali penye kina cha mita 5.

Chubwi hupangwa kama shanga, kubwa zikiwa juu na ndogo kuelekea ndoana, ili mshipi ujipinde kidogo na chambo kitangulie. Zikirundikwa zote mahali pamoja chambo hushuka haraka, jambo linalofaa kilindi kifupi, lakini hukosa mwendo wa asili.

Vifaa vya kutengenezea

Kutengeneza vyelezo kwa kizibo na unyoya ni ufundi wa zamani. Umeelezwa tayari katika kijitabu cha Kiingereza cha uvuvi wa ndoana kilichochapishwa mwaka 1496. Leo viwanda hutumia balsa, plastiki na povu la polistirini. Katika Nyanda za Juu vifaa viko karibu na nyumbani.

Mwiba wa nungunungu ni chelezo kilicho tayari. Una hewa ndani, hauingizi maji, una ncha nyembamba, na rangi zake nyeupe na nyeusi huonekana vizuri. Uwezo wake ni mdogo, gramu 1 au 2, kwa hiyo ni wa mabwawa na vijito vya polepole. Bua la mahindi au la mtama, likishamenywa, ni jepesi sana lakini hunywa maji baada ya saa moja lisipopakwa nta au rangi. Matete yanafaa kama vifundo vyake vyote viwili viko salama. Mianzi, ambayo Iringa na Njombe inajulikana zaidi kwa ulanzi, ni mizito kwa mwili wa chelezo lakini vijiti vyake ni bora kwa kupita katikati ya kizibo. Upongoo wa mwale uliokauka huchongeka kirahisi kwa kisu. Kipande cha ndala iliyochakaa ndicho kinachotumiwa na wengi, nacho hakina ubaya: hakinyonyi maji, hakivunjiki kwenye mawe, na kikichongwa umbo la karoti na kupitishiwa kijiti cha mwanzi kinafanya kazi ya chelezo cha dukani.

Rangi

Sehemu iliyo juu ya maji hupakwa rangi kwa ajili ya mvuvi. Rangi ya chungwa au nyekundu huonekana kwenye kivuli cha msitu. Nyeusi huonekana vizuri zaidi maji yanapong'aa kama bati au yanapokuwa na povu jeupe. Sehemu ya chini haina haja ya kung'aa. Kijani, kahawia au rangi ya mti wenyewe inatosha.

Kudona na kuachia samaki

Chelezo kikitulia ghafla, kikiinama upande, kikiinuka badala ya kuzama, au kikianza kwenda kinyume na mkondo, kuna kitu kimegusa chambo. Mvuvi mzuri huinua ufito kwa kila mojawapo ya ishara hizo, wala hangoji kizame kabisa.

Hapa uchaguzi wa chelezo unahusu uhai wa samaki, si mafanikio ya mvuvi pekee. Chelezo kizito huchelewesha habari. Wakati kinapozama, samaki mdogo asiye na tahadhari amekwisha meza ndoana hadi kooni. Samaki aliyenaswa mdomoni na kurudishwa majini haraka kwa kawaida huishi. Aliyenaswa kooni au kwenye matamvua hufa mara nyingi zaidi, hata akiondoka akiogelea. Ndoana ikiwa imemezwa, ni afadhali kuukata mshipi karibu na mdomo kuliko kuichomoa kwa nguvu. Ndoana isiyo na kijino hupunguza madhara hayo, na samaki ashikwe kwa mikono iliyoloweshwa ili ute wa ngozi yake usitoke. Mchana wa joto, maji ya bwawa yanapokaribia nyuzi 20, kuvua kwa nia ya kuachia hakuna maana, kwani trauti aliyechoka katika maji hayo hapati nafuu.

Sheria na mazingira

Uvuvi Tanzania Bara unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, ambayo inataka leseni na kukataza sumu na baruti. Maofisa uvuvi wa wilaya ndio wa kuulizwa kwanza. Mashamba ya chai yana mabwawa yenye wenyewe, na ruhusa ya mwenye shamba ni lazima. Uwanda wa Kitulo umekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005 na uko chini ya TANAPA; vijito vyake si vya kuingiwa na ndoana bila kibali. Tena, katika maji mengi ya trauti duniani kanuni huruhusu nzi bandia peke yake. Hapo chelezo chenye nyungunyungu au panzi hakitakiwi, hata kiwe kizuri namna gani.

Risasi ni sumu. Nchini Uingereza uuzaji wa chubwi za risasi za gramu 0.06 hadi 28.35 ulipigwa marufuku mwaka 1987 baada ya kuonekana kwamba mabata-maji wakubwa walikuwa wakizimeza pamoja na changarawe na kufa. Bati na aloi za tungsteni hutumika badala yake. Mwenye kutumia risasi asiikaze kwa meno, kama wavulana wengi wafanyavyo.

Trauti ni mgeni, tena mla-nyama. Hula wadudu wa majini, viluwiluwi na samaki wadogo wa asili wa vijito vya juu, kwa hiyo kumhamisha kutoka bwawa moja kwenda kijito kingine bila idhini ya wataalamu ni kosa kubwa kuliko kumvua. Mbasa ana tatizo la upande wa pili. Anatishiwa na nyavu na nyigo zinazoziba mito wakati anapopanda kutaga, na pia na udongo unaomomonyoka kutoka mashamba ya kingoni na kufunika changarawe anamoweka mayai. IUCN imemwingiza katika orodha ya spishi zinazotishiwa. Anayevua kwa chelezo katika Kiwira ya chini, Mbaka au Lufilyo wakati wa mvua anaweza kumnasa mbasa aliyejaa mayai. Anatambulika kwa mwili mrefu wa fedha na magamba madogo sana, na hana mstari wa waridi wala madoa meusi yaliyotapakaa kama ya trauti. Huyo hurudishwa mtoni.